Tahajia Moja, Maana Tofauti: Yanayowakuta Wenye Kiingereza Wakifika Ujerumani na kwa Jirani Zake

Juu ya milango ya dharura katika majengo ya Ujerumani mara nyingi huandikwa NOTAUSGANG. Mtu aliyesoma kwa Kiingereza tangu sekondari, jicho lake hukamata herufi tatu za mwanzo, NOT, likamwambia kwamba hapa si pa kutokea. Maana yake ni kinyume kabisa. Not kwa Kijerumani ni dharura, Ausgang ni mahali pa kutokea, na mlango huo ndio wa kukimbilia moto ukiwaka. Neno hilohilo limo katika Notruf, yaani simu ya dharura, katika Notarzt, daktari anayekuja na gari la wagonjwa, na katika Notaufnahme, kitengo cha dharura hospitalini. Ni maneno ambayo mgeni anapaswa kuyajua mapema kuliko mengine yote, na katika yote hayo Kiingereza humfumba macho.

Neno geni halimdhuru mtu sana. Akikutana na Schmetterling hana la kufanya ila kufungua kamusi, nayo itamwambia ni kipepeo. Lakini akikutana na "bald", "fast", "also", Brief au Chef hafungui chochote, maana anaamini anayajua tangu darasa la tano. Kwa Kijerumani maneno hayo ni punde, nusura, hivyo basi, barua na bosi. Ubaya wake ni kwamba kosa halijitangazi. Sentensi inaendelea vizuri, msomaji anatikisa kichwa, na anaondoka na maana ambayo haikuwapo kwenye karatasi.

Haya yameandikwa kwa ajili ya wanaojiandaa kuondoka, yakifuata mpangilio wa safari yenyewe. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, na kutoka Tanzania nako wapo wanaokwenda kwa masomo, kwa kazi za kujitolea na kwa uuguzi. Wengi wao wanaingia Kijerumani kwa mlango wa Kiingereza, na mlango huo una vizingiti ambavyo mitihani ya lugha haivitaji kwa majina.

Safari huanzia darasani, iwe Goethe-Institut ya Nairobi au ya Dar es Salaam, iwe kwa mwalimu wa mtaani. Kwa mafunzo ya uuguzi, ambayo Ujerumani huchukua miaka 3, kwa kawaida mwanafunzi hudaiwa cheti cha Kijerumani cha B1 au B2, ngazi za kati za lugha, na ada za kupanda ngazi zote hizo ni mzigo mzito kwa familia. Kwa hiyo kila mtu anatafuta njia ya mkato, na iliyo karibu ni Kiingereza. Si njia mbaya. Lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja: Hand ni mkono, Finger ni kidole, Winter ni majira ya baridi, Name ni jina. Wiki za mwanzo mwanafunzi anajiona anapaa. Raha hiyo ndiyo inayomlegeza, kwa sababu akishazoea kwamba Arm ni mkono, hashtuki akikuta "arm" kwa herufi ndogo, na hapo maana yake ni maskini.

Herufi kubwa ndiyo kinga ya kwanza. Kijerumani huandika kila nomino kwa herufi kubwa hata ikiwa katikati ya sentensi. Ukiona Not yenye N kubwa, ni kitu, ni dharura. Kukanusha ni "nicht". Ukiona "die" kwa herufi ndogo, hakuna aliyekufa: ni kineno kinachotangulia nomino. "War" ni "alikuwa", wala si vita. "Hell" ni angavu au rangi isiyokolea, na kopo la rangi ya ukuta lililoandikwa "hellblau" lina bluu mpauko. Kinga hii hutoweka kwenye mabango yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, na ndiyo maana NOTAUSGANG inapoteza wengi.

Kinga ya pili ni vineno "der", "die" na "das". Wanafunzi huvichukia, tena kwa haki, lakini mzungumzaji wa Kiswahili hapaswi kuvidharau, maana kwake ngeli ni hewa anayovuta. "Der See" ni ziwa, "die See" ni bahari. Tahajia moja, lugha moja, na kinachozitenga ni kineno tu. Kwenye ramani za Kijerumani utakuta Viktoriasee, Ziwa Victoria, na utakuta Nordsee, ambayo ni Bahari ya Kaskazini. Ukijifunza nomino bila kineno chake umejifunza nusu.

Ya tatu ni kadi za kukariria. Kadi yenye neno moja mbele na tafsiri moja ya Kiingereza nyuma ndiyo inayozalisha makosa. Mbele andika sentensi fupi kamili, "Der Chef kommt bald", na nyuma andika Kiswahili, "Bosi anakuja punde". Usipitie Kiingereza hata hatua moja. Aliyepitia Kiingereza amebaki na mpishi mwenye upara. Kadi 10 za namna hiyo kwa siku zinatosha. Ukizidisha, usiku unazichanganya. Maneno yanayofanana na Kiingereza yatie alama ya rangi nyekundu na yarudie mara mbili ya mengine, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokuponyoka ukichoka.

Katika maneno yote ya aina hii, hakuna linalofundisha kama "gift". Kwa Kiingereza ni zawadi. Kwa Kijerumani, Gift ni sumu. Kwa Kiholanzi "gift" ni mchango au zawadi, na Mholanzi anapojaza fomu ya kodi huonyesha humo "giften", michango aliyotoa. Lakini "giftig" ni yenye sumu, na sumu yenyewe ni "gif" au "vergif". Kwa Kiswidi, Kidenmaki na Kinorwe, "gift" ni sumu, na pia ni mtu aliyeoa au aliyeolewa.

Si ajali ya herufi. Yote yametoka katika kitenzi kimoja cha kale chenye maana ya kupa. Katika Kijerumani cha kale neno hili lilimaanisha kitu kilichotolewa. Wasomi wa tiba walikuwa na neno la Kigiriki, dosis, ambalo nalo maana yake ni kutoa, wakilitumia kwa kipimo cha dawa apewacho mgonjwa. "Gift" ikachukua maana hiyo, kisha ikateremka hadi kwenye kipimo kinachoua, na hapo ikabaki. Maana ya zamani imesalia katika Mitgift, mali anayopewa binti na wazazi wake aende nayo kwa mume. Waskandinavia walishika pia upande wa ndoa: aliye "gift" ni aliyetolewa, yaani aliyeozwa.

Msomaji wa Kiswahili anao nyumbani kwake mfano wa kulingana nao. Samaki ameoza. Mzee amemwoza binti yake. Tahajia ya kitenzi ni moja, kuharibika na kufungisha ndoa, na hakuna mzawa wa Pwani wala wa bara anayevichanganya, kwa sababu hasomi "oza" peke yake. Anasikia kiambishi cha mtendwa, anaona anayezungumziwa ni samaki au ni binti, na maana inajipanga yenyewe kabla hajafikiri. Mswidi naye hasomi "gift" peke yake. "Ett gift", yenye "ett" mbele, ni sumu. "Hon är gift" ni "ameolewa". Kwenye fomu za Uswidi penye "civilstånd" utachagua kati ya "gift", "ogift" na "skild": mwenye ndoa, asiye na ndoa, aliyeachana. Neno linasomwa kwa majirani zake, na ujuzi huo Mswahili ameshakuwa nao tangu utotoni. Kinachotakiwa ni kuutumia katika lugha ngeni pia, badala ya kulichomoa neno na kuliangalia likiwa peke yake.

Hapo pana jambo la vitendo kwa ndugu walioko nyumbani wanaotuma vifurushi. Fomu ya forodha ya posta, CN22 kwa vifurushi vya thamani ndogo na CN23 kwa vikubwa, ina kisanduku kilichochapwa "Gift" kwa Kiingereza na "Cadeau" kwa Kifaransa. Kitie alama bila wasiwasi. Maafisa wa forodha wanaijua fomu. Usichokifanya ni kuandika GIFT kwa kalamu nene ubavuni mwa boksi. Ujerumani mpokeaji asipokuwapo kifurushi mara nyingi huachwa kwa jirani, na jirani huyo anaweza kuwa mzee asiyejua Kiingereza au mtoto aliyefungua mlango. Andika Geschenk. Zawadi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya husamehewa ushuru ikiwa inatoka kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi, bila malipo, na thamani yake haizidi euro 45. Kahawa ndani ya zawadi hiyo isizidi gramu 500. Nyama na vyakula vya maziwa haviruhusiwi. Orodhesha kila kitu na thamani yake, "khanga 2 za pamba, euro 12", maana kifurushi kilichoandikwa neno zawadi tupu ndicho kinachozuiwa, na mpokeaji huitwa ofisi ya forodha akajieleze.

Upande wa pili wa neno hilo ni stoo na chini ya sinki la jikoni. Chupa za kemikali zinazouzwa leo zina alama ya pembe nne yenye ukingo mwekundu. Fuvu la kichwa ndani yake ni sumu kali. Neno Gefahr, hatari, ni onyo kubwa kuliko Achtung, tahadhari. Chupa za zamani zina mraba wa rangi ya chungwa na neno "giftig", na wengine huandika tu Gift kwa mkono juu ya mtungi wa sumu ya panya. Anayefanya kazi ya kulea watoto katika nyumba ya watu awaulize wenyeji siku ya kwanza vitu hivyo viko wapi. Mtu akimeza, simu ni 112, namba inayofanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, na zipo pia simu za ushauri wa sumu ziitwazo Giftnotruf.

Ukishafika, una wiki 2 tangu uhamie nyumbani za kujiandikisha kwa mamlaka ya mji. Huenda ukatumwa Rathaus. Rat ni ushauri, au baraza, na nyumba ya baraza ndiyo ofisi ya mji. Utahitaji Termin, miadi, na bila Termin ofisi nyingi hazikupokei. Kuanzia hapo utaletewa Briefe, barua, na hizi si muhtasari wa chochote. Nyingine zina muda wa kujibu ulio mfupi: hati ya faini ya barabarani, Bußgeldbescheid, inakupa wiki 2 tu za kupinga tangu uipokee. Fungua kila bahasha siku ileile na uandike juu yake tarehe iliyofika.

Kwenye nyumba za kupanga, neno linalokula fedha ni "warm". Tangazo linalosema "600 warm" halisifii joto la chumba. Linasema euro 600 zinajumlisha gharama za jengo na za kupasha joto, Warmmiete. "Kalt" ni kodi tupu, na juu yake zinakuja gharama nyingine. Mtu anayelinganisha chumba cha 550 "kalt" na cha 600 "warm" huchagua cha kwanza akidhani ameokoa 50, na mwezi ukiisha analipa zaidi. Provision nayo si mahitaji wala posho, ni udalali. Tangu Juni 2015 mpangaji halipi dalali ambaye hakumwagiza yeye mwenyewe kwa maandishi, kwa hiyo mwenye nyumba akikudai Provision ya dalali wake, kataa. Kaution ni amana. Kisheria haizidi kodi tupu ya miezi 3, na una haki ya kuilipa kwa mafungu 3 ya kila mwezi. Wengi hukopa ili waitoe yote kwa mkupuo kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Yapo maneno yenye sura ya Kiingereza ambayo Waingereza wenyewe hawayatumii hivyo. Handy ni simu ya mkononi, Beamer ni projekta, Mobbing ni uonevu kazini. Smoking ni suti nyeusi ya usiku, na kwa maana hiyo utaikuta pia Ufaransa, Italia, Uhispania na Polandi. Ikiandikwa kwenye kadi ya mwaliko inakuambia uvae nini. Gymnasium ni sekondari inayoelekea chuo kikuu. Pension ni pensheni ya watumishi wa serikali wenye cheo cha Beamte, na pia ni nyumba ndogo ya kulala wageni. Wafanyakazi wengine wakistaafu hupata Rente.

Kwenye fedha pana Billion. Kwa Kiingereza cha leo, na katika Kiswahili chetu cha Tanzania na Kenya, bilioni ni milioni 1,000. Kwa Kijerumani hiyo ni Milliarde, na Billion ni milioni mara milioni, mara 1,000 zaidi. Kifaransa kiko upande wa Kijerumani: "milliard" kwanza, "billion" baadaye. Uingereza nayo ilikuwa huko hadi serikali ilipohamia hesabu ya Marekani mwaka 1974, kwa hiyo kitabu cha zamani cha London hakisomwi kama cha leo. Mtanzania na Mrundi wakikaa meza moja kutayarisha bajeti, mmoja akisoma nyaraka za Kiingereza na mwingine za Kifaransa, waandike sufuri zote. Hapo usione uvivu.

Wodini ndipo uzito ulipo, na hapa pasomwe polepole. Wodi yenyewe ni Station. Daktari mkuu wa idara ni Chefarzt. Labor ni maabara. Kwa aliyesomea uuguzi kwa vitabu vya Marekani, vinavyoliandika neno hilo bila u, ni uchungu wa uzazi, na hospitali zetu zimelichukua kama leba. Ukiambiwa "Das Blut muss ins Labor", damu inatakiwa maabara. Chumba cha kujifungulia ni Kreißsaal, neno lisilofanana na chochote, na kwa sababu hiyo halijawahi kumpoteza mtu. Stadium ni hatua ya ugonjwa. Kwenye faili la saratani "Stadium III" ni hatua ya tatu, na uwanja wa mpira ni Stadion. Brand ni moto, lakini kwenye faili la mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni Brand ni gangrini, kufa na kuoza kwa nyama ya mwili. After ni tundu la haja kubwa. Kwenye karatasi ya usafi wa mgonjwa, "Rötung am After" ni wekundu sehemu hiyo, unaotakiwa kutazamwa na kuandikwa; aliyesoma "baada ya" ameuruka, na kesho yake ngozi imechubuka.

Dose inahitaji uangalifu wa peke yake. Dose ni kopo la bati, na Steckdose ni soketi ya umeme. Dozi ya dawa ni Dosis. Mtego wa ndani zaidi ni kwamba wingi wa Dose ni Dosen, na wingi wa Dosis ni Dosen vilevile. "Drei Dosen Bohnen" ni makopo 3 ya maharage. "Drei Dosen Impfstoff" ni dozi 3 za chanjo. Hapa hata Mjerumani hana kingine cha kushika isipokuwa neno linalofuata.

Na alama nazo zinabadilika kama maneno. Kijerumani huweka mkato palipo na nukta yetu, na nukta palipo na mkato wetu. 1,5 mg ni miligramu moja na nusu. 1.500 ml ni mililita elfu moja na mia tano. Anayetoka kwenye mfumo wa Kiingereza akiandika 1.500 akikusudia moja na nusu, ameandika kitu kingine kabisa kwenye chati.

Njia inayofaa wodini ni kurudia agizo kwa sauti kabla ya kulitekeleza, ukianza na "Habe ich richtig verstanden", nimeelewa sawasawa, kisha useme kwa maneno yako mwenyewe unachokwenda kufanya, kwa nani, kiasi gani, saa ngapi. Usirudie maneno ya aliyekuagiza kama yalivyo, maana ukirudia Dosen kama ulivyoisikia hujathibitisha kitu. Wanafunzi wengi hawaulizi kwa sababu miezi 6 ya mwanzo ni ya majaribio, mkataba unaweza kuvunjwa, na kila mmoja anaogopa kuonekana hajui lugha. Hofu hiyo ni ya kweli na haipaswi kubezwa. Lakini kurudia agizo ni desturi ya kazi hii hata kwa wazawa, na anayelirudia huonekana makini.

Ukivuka mpaka kwenda Uholanzi, anza upya, maana hapo hata Kijerumani chako kinakugeuka. "Bellen" kwa Kijerumani ni mbwa kubweka; kwa Kiholanzi ni kupiga simu au kengele. "Doof" kwa Kiholanzi ni kiziwi. Kwa Kijerumani ni mjinga, na ni tusi. "Meer" kwa Mholanzi ni ziwa, kwa Mjerumani Meer ni bahari. "Huren" ni kupanga nyumba Amsterdam, na Huren ni makahaba Cologne, kwa hiyo mtu aliyejifunza Kiholanzi kwanza asiende kuomba chumba Ujerumani kwa neno hilo.

Skandinavia huwachanganya wanafunzi wa vyuo zaidi ya wengine. Semester kwa Kijerumani ni muhula wa masomo; "semester" kwa Kiswidi ni likizo ya kazini. Muhula kwa Kiswidi ni "termin", neno ambalo kwa Kijerumani, tumeshaona, ni miadi. "Öl" kwa Kiswidi ni bia, kwa Kijerumani Öl ni mafuta. Na jirani kwa jirani: "frokost" kwa Mnorwe ni chakula cha asubuhi, kwa Mdenmaki ni cha mchana. "Rolig" kwa Mswidi ni ya kufurahisha, kwa Mdenmaki na Mnorwe ni tulivu. Ukialikwa "frokost", uliza saa. Treni ikitangaza "slut" Uswidi, ni mwisho wa safari, na "fart" ni mwendo kasi. Hakuna tusi hapo.

Wanaotoka Bukavu, Goma au Bujumbura wana tatizo lilelile likiwa limegeuzwa, kwa sababu wao wanabeba Kifaransa kwenda kwenye Kiingereza. "Intoxication" kwa Kifaransa ni kudhurika kwa sumu au kwa chakula kibovu. Kwa Mwingereza neno hilo huelekea kwanza kwenye ulevi. Mgonjwa anayeugulia tumbo katika hospitali ya London, akilitaja, anaweza kusikika kama amekuja akiwa amelewa, na maswali atakayoulizwa yakaacha njia. Aeleze tukio lenyewe: nimekula samaki jana usiku, nimetapika mara nne. "Location" kwa Kifaransa ni ukodishaji, "pain" ni mkate, "raisin" ni zabibu mbichi na si kavu. "But" ni goli.

Italia, tazama bomba. Herufi C ni "caldo", moto, na Mjerumani anayesikia "kalt", baridi, ndani ya neno hilo huungua sawa na Mwingereza anayedhani C ni baridi. Ufaransa na Uhispania nako C ni ya moto, na F ni ya baridi. "Burro" kwa Mwitaliano ni siagi, kwa Mhispania ni punda. "Camera" kwa Kiitaliano ni chumba.

Programu za tafsiri kwenye simu husaidia, ila zina udhaifu mmoja mahususi kwa maneno haya. Ukiiachia programu itambue lugha yenyewe na ukaipa neno moja tu, haina cha kuiongoza, na "gift", "rolig" au "bellen" hutoka kwa maana ya lugha isiyokusudiwa. Chagua lugha kwa mkono, na uipe sentensi nzima, si neno. Ukipiga picha ya bango, hakikisha picha imechukua mistari yote. Baada ya B1, hamia kamusi ya lugha yenyewe, Duden kwa Kijerumani, ambayo huonyesha kineno, wingi na mifano.

Neno la kumalizia hii safari ni la duka la dawa: "once". Kwa Kiingereza ni mara moja, na asili yake ni neno la "moja". Kwa Kihispania "once" ni kumi na moja, limetokana na undecim ya Kilatini, na yamekutana kwa bahati tu. Utafiti wa lebo za dawa za Kihispania katika maduka ya Bronx, New York, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kompyuta zikitoa lebo zenye makosa mengi, na miongoni mwake neno "once" la Kiingereza lililoachwa bila kutafsiriwa ndani ya maelezo ya Kihispania. Anayeisoma hivyo anaona vidonge 11 kwa siku. Kwa Kihispania sahihi ni "una vez al día". Popote ulipo, na lugha yoyote iliyo kwenye pakiti, mwombe mfamasia akuandikie kwa tarakimu juu ya boksi: kidonge 1, saa 2 asubuhi. Na hapo pia sema saa kwa hesabu yao, 08:00, kwa sababu saa 2 ya Kiswahili ikisomwa Kizungu ni nane usiku.